Homa ya Chanjo

4 Februari

Kwako Kijiti, mwanangu,

Kabla hujauliza: ndiyo, tupo, na wote tunakula. Goti la mama yako limempa likizo wiki hii. Anatembea mpaka jikoni na kurudi, huku akilalamika kwamba mimi dada yake mdogo namharakisha. Amesema nikuandikie kuwa amenenepa. Uongo mtupu, lakini nimeandika, maana amekaa hapa ubavuni ananichungulia kama msimamizi wa mtihani. Anauliza kama na wewe unakula. Mimi siulizi, picha uliyotuma nimeiona. Jina la Kijiti nilikupa kwa utani, sasa naona umelifanya kazi ya kudumu.

Haya, nimezunguka vya kutosha. Miparachichi ya safu ya chini inanyauka. Si kiu, mvua imenyesha vizuri, udongo ukiufinya unatoa maji. Lilianza tawi moja la juu kabisa, majani yakalegea, yakawa ya kahawia, na hayaanguki. Hilo ndilo linalonitisha. Mimi najua jani likifa linaanguka. Haya yananing'inia tu, ukipita upepo yanakwaruzana. Nimebandua gome kwa kisu changu cha kubebeshea miche, kile cha kuunganishia vikonyo, na ndani, kwenye mti mweupe, kuna michirizi myeusi kama mtu amepitisha kalamu.

Akaja afisa kilimo, yule tunayemwita Bwana Lazima. Hajafunga hata mlango wa gari: ni lazima ukate safu yote ya chini, ni lazima ukate na inayofuata, ni lazima uchome hapohapo. Nikamuuliza, na wewe ni lazima uondoke saa ngapi? Mama yako alicheka mpaka goti likamkumbusha.

Lakini mimi sicheki, Kijiti. Unaijua miti hii. Baba yetu alipanda mbegu, mimi nikaibebesha mti mmoja mmoja nikiwa sijafika umri ulio nao wewe sasa. Kila mche unaotoka kitaluni kwangu, kikonyo chake kimekatwa humu. Mimi sikujaliwa kuzaa. Nina wewe na nina miti hii, na wewe uko mbali. Nikishaikata nitaamka asubuhi niende wapi?

Wewe ndiye uliyesomea magonjwa ya miti. Niambie dawa. Usiniambie nikate, hilo hata Bwana Lazima analijua.

Ni mimi mama yako mdogo.


27 Februari

Mama mdogo, shikamoo. Mama, shikamoo na wewe, najua unasomewa.

Mimi sijambo, nakula. Nawaandikia hapa maabara, kati ya mashine inayotikisa chupa kutwa nzima na jokofu ambalo mlango wake tumeufunga kwa kamba. Nje kuna baridi, mikono yangu imepasuka kwa kunawa. Mwenzangu ninayefanya naye kazi anawasalimu. Nimemsimulia habari ya Bwana Lazima naye amecheka, akasema kila mahali yupo mmoja.

Ulivyoeleza ugonjwa wenyewe umenitia hofu, maana umeueleza sawasawa kuliko wanafunzi wetu. Hiyo ni kuvu. Inakaa ndani ya mirija ya kupandisha maji. Nitakueleza jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu najua ukielewa jambo hulifanya vizuri.

Kuvu hii inafanya mambo yake kwa protini. Usicheke, si protini ya mayai na maharage tu, kila kitu chenye uhai kina protini zake. Kuvu ina moja inayovika vijimbegu vyake kama koti la mvua. Havilowi, havisombwi na maji, na vinanata popote: kwenye mgongo wa mbawakawa anayetoboa gome, kwenye msumeno, kwenye kisu. Ndivyo ugonjwa unavyosafiri kutoka mti hadi mti. Halafu kuna protini nyingine ambayo kuvu huitoa ikishaingia ndani. Mti ukiihisi unajua kuna adui, unaanza kuziba mirija yake mwenyewe ili adui asipande. Unaziba, unaziba, mpaka maji nayo hayapiti. Mti unakufa kwa kiu huku mizizi imekaa kwenye maji.

Kwa hiyo, Mama mdogo, nisamehe. Bwana Lazima amesema kweli. Kata safu ya chini na uichome.

Lakini sitaki umalize barua hii ukiwa na neno hilo tu. Kuna jambo jema hapa kwetu. Ile protini ya pili tumeitoa kwenye kuvu, tukaichanja kwenye miche michanga. Miche hiyo ilipokutana na kuvu yenyewe, haikunyauka. Ilikwisha kumjua adui, ikajikinga bila kujinyonga. Mwenzangu anaiita chanjo, na kweli ni kama sisi tulivyochanjwa utotoni: unaonjeshwa ugonjwa kidogo ili mwili uutambue. Kila asubuhi naingia naikuta ya kijani, nakukumbuka wewe. Huenda ipo siku miti yako nayo itachanjwa.

Wako, Kijiti.


30 Machi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika imelowa upande mmoja, nadhani tarishi aliikalia. Salamu za mwenzako zimefika, mwambie na yeye ale. Mama yako amefurahi kutajwa. Alipofika kwenye protini akaniambia, "Kumbe ukungu nao unakula nyama?" Nikamwambia nyamaza tusome.

Nimekata. Nilimwita mwenye msumeno wa injini, nikasimama hapohapo nikaangalia mti kwa mti. Nilidhani nitalia, sikulia, nilikuwa na hasira tu. Moshi ulikaa bondeni siku nzima, nguo zetu zote zinanuka. Sasa ukisimama mlangoni unaona mpaka barabarani, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe, na silitaki.

Nimeisoma barua yako kwa mama yako, kisha nikaisoma peke yangu mpaka karatasi ikachoka. Ule mwisho ndio ulionisimamisha. Chanjo! Mama yako akapandisha mkono wa gauni akanionyesha kovu lake la ndui, lile la mviringo, nami ninalo. Tulichanjwa siku moja. Mkono ulinivimba, nikashikwa na homa, nikamtukana kila aliyepita. Lakini ndui ilipokuja ikazipitia nyumba za wengine, sisi ikatuacha.

Nimekuelewa vizuri sana, mwanangu. Sina swali. Kazi ya kuchanja mti si ya kufundishwa mimi, kisu nimekishika kabla wewe hujashika kijiko. Kuna jambo nalifanyia maandalizi, nitakuandikia likiiva.

Mama yako anasema umwombee goti.

Mama yako mdogo.


22 Aprili

Mama mdogo, shikamoo. Mama pia.

Samahani kwa ufupi. Nimekuwa na mafua na kazi zimenilemea, lakini sasa nina nafuu. Pole sana kwa miti. Nimejaribu kuliona shamba bila ile safu ya chini nimeshindwa.

Sijaelewa uliposema maandalizi. Maandalizi ya nini? Kuhusu chanjo naomba usubiri. Mambo ya maabara yana kupanda na kushuka, bado ni mapema mno. Naomba tusilizungumze kwanza.

Goti la Mama linaendeleaje? Mwambieni asibebe maji.

Kijiti.


19 Mei

Kijiti wangu,

Barua yako ya Aprili imenikuta na kisu mkononi. Unasema nisubiri? Umechelewa, bibi. Nimekwisha!

Kaa vizuri nikusimulie, na umwite huyo mwenzako asikie jinsi wanavyofanya watu wasio na mashine ya kutikisa chupa. Kuna mti mmoja wa safu ya chini niliuacha makusudi, msumeno ulipopita nilisingizia kwamba nitaukata mwenyewe. Nikaupasua. Nikakwangua ile michirizi myeusi, unga wake nikautia kwenye ndoo ya maji, nikauacha ulale. Kisha nikachuja. Unajua mimi na usafi: nilitumia kitambaa cheupe kipya, nimekichemsha, nikakikunja mara nne. Maji yaliyotoka yalikuwa safi, rangi ya chai hafifu. Ule uchafu wote ulibaki kwenye kitambaa, protini ikapita.

Halafu nikachanja. Kila mti nimeuchanja gome mara tatu, upande jua linapochomoza, mchanjo mfupi wa kubebeshea ule niliouzoea mkononi, nikapaka na kufunga kwa utepe wa plastiki. Shamba zima, Kijiti. Hata ule mti mkubwa wa baba ninakokata vikonyo. Mama yako alikaa kwenye kiti akinishikia ndoo, akanyoosha mguu wake kama malkia. Miaka mingi sijafurahi hivyo, nilikuwa naimba.

Majirani wakaona. Yule jirani wa karibu kabisa, Mzee Redio, unamjua, mdomo wake hauzimwi, alisimama kwenye ua akauliza napaka nini. Nikamwambia mwanangu amegundua chanjo huko maabara. Siku iliyofuata wamejaa uani. Unadhani ningewafukuza? Nimewachanjia. Bonde lote la upande huu, na wa ng'ambo pia wamenifuata, wamenipa jina, wananiita Daktari. Nimewaambia daktari ni Kijiti, mimi ni mkono wake tu.

Sasa sikiliza hili usije ukashtuka. Miti yangu mitatu minne imelegea majani ya juu. Mzee Redio alikuja mbio, shoka begani. Nikamzuia. Nikamwambia hiyo ni homa ya chanjo! Mimi na dada yangu tulikuwa nayo. Nimewaonya wote, yeyote atakayeona homa asithubutu kukata, aache mti upigane. Wamenielewa. Hapo nilijiona kweli kama daktari.

Niandikie homa hii huchukua muda gani kwa miti. Hilo ndilo swali langu pekee.

Mama yako mdogo, ambaye leo ana kiburi na hajali.


11 Juni

Mama mdogo, shikamoo. Mama, shikamoo.

Nimeipata barua yako. Nimefurahi kusikia kwamba uliimba. Sijui kwa nini nimeanzia hapo.

Huku joto limeanza kuja, madirisha ya maabara tunafungua. Jokofu limetengenezwa hatimaye, ile kamba nimeiweka kwenye droo. Mwenzangu amehamia kitengo kingine, kwa hiyo nipo peke yangu kwenye meza, na nimepata chumba karibu na kazi, kina dirisha linalotazama ukuta wa gereji. Mafundi wanapiga vyuma kutwa.

Nakuomba mambo machache, na nakuomba sana. Kile kisu kichemshe, kisha kipanguse kwa spiriti, usimwazime mtu. Ile ndoo na kitambaa vichome. Usiende kwenye shamba la mtu yeyote kwa sasa, hata ukiitwa. Pumzika, umefanya kazi nyingi mno kwa umri wako. Mti wowote uliolegea uuchimbie mtaro kuuzunguka, ili mizizi yake isigusane na ya jirani. Usichukue kikonyo chochote kutoka mti mkubwa wa Babu, na miche iliyoko kitaluni usiuze.

Mama anakula? Mara ya mwisho hukuandika. Niambie ukweli.

Nawapenda. Nitaandika tena wiki ijayo nikipata nafasi.

Kijiti.


8 Julai

Kwako.

Hukuandika wiki iliyofuata. Wala ile nyingine. Nimekwenda posta mpaka yule binti wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika.

Mama yako anakula kidogo. Ndiyo, nilikuficha. Ameacha kukaa nje, anasema hataki kuona. Ukweli uliutaka, huo hapo.

Nami nataka wangu. Nimeisoma barua yako ya Juni kuanzia juu hadi chini na kuanzia chini hadi juu. Kuna jokofu, kuna kamba, kuna gereji, kuna mafundi. Kuna kisu na ndoo na mtaro. Neno chanjo halimo. Nilikuuliza swali moja tu, homa huchukua muda gani, nalo hukulijibu. Wewe tangu utoto ukivunja kitu unafagia nyumba nzima. Sasa hivi umenifagilia nyumba, Kijiti, na mimi nimesimama katikati naangalia.

Nikuambie nilicho nacho. Safu ya pili yote imekuwa ya kahawia. Safu ya tatu imelegea. Mti wa baba ulianza upande wa jua, pale nilipochanja, na kila nilipochanja ndipo michirizi inapoanzia. Nimebandua gome nimeona kwa macho yangu. Inapanda juu kutoka kwenye kidonda changu, imenyooka. Nimefunika kwa utepe tena ili mama yako asione, kana kwamba yeye anatembea mpaka huko.

Homa gani hiyo?

Majirani bado hawana kitu, au wana kidogo. Niliwachanjia mwishoni. Wananisalimia kwa furaha, wananiletea ndizi. Ndizi zao sizili. Mama yako anasema nisubiri barua, mtoto atakuwa ana sababu zake. Mimi si mtoto wa kudanganywa kwa pipi. Niandikie maneno mawili. Ni homa, au ni mimi?


1 Agosti

Mama mdogo,

Si homa.

Nimekaa na karatasi hii siku nyingi, nimeanza na salamu, nimezifuta. Nisamehe, leo sina salamu.

Miti imeugua kwa kile ulichoipaka. Maji yale yalikuwa na kuvu hai, vijimbegu vyake, maelfu kwa maelfu katika kila tone. Kitambaa hakiwezi kuvizuia hata ukikunje mara mia, vinapita kama vumbi linavyopita dirishani. Na maji hayavioshi, kwa sababu ya lile koti nililokuandikia. Sisi tulichochanja kilikuwa protini peke yake, imetolewa na mashine, imesafishwa, haina kitu chochote kilicho hai. Hilo sikukuandikia. Sikulificha, Mama mdogo, halikunijia kabisa kwamba ni la kuandika. Humu ndani kila mtu anajua. Nilitaka kukupa neno rahisi la kukufariji, nikaandika unaonjeshwa ugonjwa kidogo. Wewe ukafanya kama nilivyoandika, na ulifanya kwa usafi na ustadi kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Kuna na jingine. Miche yetu imekufa. Ilikufa mwezi wa Aprili, ilipofika kimo cha goti. Kuvu ilikuja na protini iliyobadilika kidogo tu, sehemu ndogo sana, na miche haikuitambua. Hakuna chanjo. Nilipokuandikia usubiri nilikuwa nimetoka kuing'oa na kuitia kwenye mifuko, na niliona aibu kukuambia. Ndiyo maana mwenzangu amehama. Kitengo chetu kinafungwa.

Ukaandika kwamba uliimba, nikashindwa kabisa kukuandikia ukweli.

Waambie majirani. Wakate kila mti uliochanjwa, wasingoje majani kulegea, wachome palepale. Iliyo mbali na michanjo huenda ikapona. Ni sasa hivi, Mama mdogo, kila siku ina maana. Waambie ni mimi niliyekosea, taja jina langu, usijibebeshe peke yako.

Silali. Nakupenda, na najua neno hilo halikati mti wala haliusimamishi.

Kijiti.


5 Septemba

Kijiti, mwanangu,

Mama yako hajambo kwa kiasi chake. Jana alikunywa uji bakuli zima, nakuandikia hilo kwanza ili ulisome kwanza. Anakusalimu. Anasema usiache kula kwa ajili ya miti.

Barua yako niliifungulia kitaluni, nimesimama kati ya miche. Nilikukasirikia siku ile nzima, nikakuita majina nisiyoweza kuyaandika, miche ndiyo mashahidi. Kisha hasira ikaniishia, na ilipoisha nikaona afadhali ingebaki, maana chini yake hakuna kitu. Nimevunjika, Kijiti. Sijui neno jingine. Naamka, navaa, nafika mlangoni, nakumbuka.

Shamba nimelikata lote. Mti wa baba nilimwachia mwenye msumeno afanye nisipokuwepo, nikaenda kukaa na mama yako chumbani tukafunga dirisha. Tulisikia hata hivyo. Alinishika mkono, hapa juu kwenye kovu, sijui kama alifanya makusudi.

Miche nayo nimeichoma. Ilikuwa ya kijani, mizuri, lakini vikonyo vyake ni vya humo.

Kisha nikaenda kwa majirani kama ulivyosema. Sikulitaja jina lako, usinigombeze, ulimi ulikataa. Nilisema mimi ndiye niliyekosea, niliwapaka ugonjwa, kateni. Nyumba ya kwanza wakanikaribisha kiti. Wakanipa pole kwa shamba langu. Mama mwenye nyumba akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, ambayo niliisikia vizuri, kwamba mwanamke amepoteza miti yake sasa anatuonea wivu yetu. Nyumba ya pili wakasema nataka kuirudisha dawa kwa mwanangu ili iuzwe. Nyumba ya tatu mzee alinisikiliza mpaka mwisho, nikadhani nimempata, akaniuliza, "Lakini Daktari, kama ulikuwa ugonjwa, wewe mwenyewe ungeipaka miti yako?" Ng'ambo ya bonde hawakunifungulia.

Nikamfuata Bwana Lazima. Ndiyo, mimi. Nilimwambia yote, akanifungulia mlango wa gari. Hakunicheka wala hakunikaripia, ningependa angenikaripia. Tukazunguka pamoja. Wakamwambia yeye tangu zamani kazi yake ni kukata tu, hajawahi kuleta dawa hata siku moja, na sasa dawa imeletwa na mtoto wa hapahapa, yeye anataka kuiharibu. Mmoja alimwonyesha panga. Tukaondoka.

Nyumba ya mwisho nilikwenda peke yangu, kwa Mzee Redio. Nilimwacha mwisho kwa sababu yeye ndiye niliyemchanjia wa kwanza, na ndiye rafiki. Nilimkuta shambani. Ana kisu kipya, amejinunulia. Ndoo iko miguuni, na kitambaa cheupe amekifunga mdomoni mwa ndoo vizuri kabisa, amekikunja mara nne. Alikuja kuomba kuni kwangu mwezi uliopita, kwenye magogo ya safu ya pili, nikampa nikamshukuru kwa kunisaidia kuondoa. Kumbe ndizo alizokwangua. Anachanja mara ya pili ili nguvu izidi, na amewafundisha wanawe, na wanawe wamekwenda kwa wakwe zao, mbali huko ambako mimi sijafika.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa kelele, nikamshika shati. Akanitazama kwa huruma, Kijiti, akanipangusa uso kwa kofia yake. Halafu akanivuta mkono akanipeleka kwenye mti wake mkubwa, akaninyooshea kidole juu kabisa. Tawi moja limelegea. Macho yake yanang'aa.

"Unaona?" akaniambia. "Homa imeanza."

Nikamwambia, mzee, kata leo, kata sasa, nakuomba kwa mikono miwili. Akacheka kidogo, akaninyamazisha kama mtoto aliyeota vibaya.

"Wewe mwenyewe ulituambia tusikate wakati wa homa."

Ni kweli, nilisema hivyo.

Mama yako mdogo.